Kanisa la Mtaa katika Majira ya Kuchipua

Kiswahili cha Pwani kina majira mengi, lakini majira ya kuchipua hakina. Kina kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani, na kila mojawapo lina upepo wake, samaki wake na shughuli zake za shamba. Mfasiri anapolikuta neno la Kiingereza la miezi ya Machi, Aprili na Mei hana budi kubuni, na hicho anachokibuni huwa maelezo zaidi kuliko jina. Si kosa la lugha. Mwembe wa Unguja hauvuliwi majani yote ukasimama uchi miezi minne, wala mwenye shamba haamki siku moja akakuta ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe imetoa ua. Kwa hali ya moyo, kwa ule upole wa upepo na watu kutoka tena nje, demani ndiyo iliyo karibu zaidi na msimu huo wa Waingereza. Kwa kalenda iko mbali nao kabisa. Pasaka ya Unguja huangukia masika, au mlangoni mwake, na nyimbo za Pasaka zilizotungwa na watu walioona theluji ikiyeyuka huimbwa Mkunazini huku mvua ikimwagika nje.

Anayetaka kujua kwa nini nyimbo hizo hushangilia kiasi hicho unyasi mmoja uliochomoza, na alitazame kwanza kanisa la kijiji cha Uingereza mwezi Februari. Ni jengo la mawe, aghalabu lenye umri wa miaka 600 au zaidi, na baridi yake haimo hewani tu bali imekaa ndani ya mawe yenyewe. Mwanzoni mwa mwezi huo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Waumini kumi au kumi na watano huketi na makoti yao mwilini, wakisogea upande wenye joto kidogo, na kasisi akisoma Injili pumzi yake huonekana. Dalili ya kwanza kwamba dunia haikufa hutokea makaburini: vijiua vyeupe vyenye kuinamisha vichwa, ambavyo wazee wa zamani waliviita kengele za sikukuu ya mishumaa, kwa kuwa huchanua karibu na tarehe 2 Februari, siku ya kukumbuka Mtoto Yesu kupelekwa Hekaluni.

Kisha huja jambo la ajabu. Nchi inapoanza kuvaa, kanisa huvua. Kwaresima ikiingia, vyombo vya maua huondolewa, vitambaa vya altare hugeuka zambarau, na neno Aleluya halitamkwi tena mpaka Pasaka. Nje ya mlango maua ya manjano yenye umbo la tarumbeta yamejaa baina ya makaburi. Ndani hakuna hata jani. Na lugha nazo zimegawana mambo hayo kwa namna ya kupendeza. Kiswahili huuita mfungo huo Kwaresima, jina la hesabu, lenye asili ya Kilatini na maana ya arobaini. Jina la Kiingereza lilikuwa zamani jina la msimu wenyewe, likihusiana na kurefuka kwa mchana. Mwingereza wa kale alipotamka jina la mfungo alikuwa ametamka pia majira ya kuchipua.

Mara moja tu ukavu huo hulegezwa, Jumapili ya nne ya Kwaresima, ambayo ni siku ya akina mama. Desturi hiyo ilikuwa karibu kusahaulika mwanzoni mwa karne ya ishirini, na aliyeifufua alikuwa mwanamke wa Nottingham aitwaye Constance Penswick Smith, aliyeichapishia kitabu mwaka 1921. Zamani vijakazi na vijana waliokuwa kazini mbali na kwao walipewa ruhusa siku hiyo kwenda nyumbani. Siku hizi watoto huitwa mbele, kila mmoja hupewa kishada cha maua, nao huteremka katikati ya viti kuwapelekea mama zao. Lakini parokia nyingi zimejifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha ibada: vishada hugawiwa wanawake wote. Maana katika viti vile yupo aliyemzika mtoto, yupo aliyetaka kuzaa asijaaliwe, yupo ambaye mama yake hawajazungumza miaka mingi, na kumwacha mtu kama huyo na mikono mitupu mbele ya watu ni ukatili. Vishada hamsini au sitini havijifungi vyenyewe. Jumamosi usiku yupo mtu jikoni kwake, ndoo ya maji miguuni, akivifunga kimoja kimoja kwa uzi, na Jumapili hatatajwa.

Hapo pana mlango wa kuingilia katika maana ya parokia. Neno lenyewe limetoka katika Kiyunani, na maana yake ya asili ni ukaazi wa mgeni, mtu aishiye kando ya nyumba za wengine. Waanglikana wa Tanzania wana neno jingine, nalo ni zuri zaidi: husema mtaa. Kasisi wao ni kasisi wa mtaa. Kwa kusema hivyo wameshika jambo ambalo hata Waingereza wengi wamelisahau, kwamba parokia ya Kanisa la Uingereza si chama cha wanachama. Ni kipande cha ardhi chenye mipaka, na kila akaaye ndani ya mipaka hiyo, aingie kanisani asiingie, awe wa dini hiyo au ya nyingine, anahesabiwa kuwa mtu wa kasisi yule. Makanisa ya namna hiyo ni takriban 16,000 nchini Uingereza. Majira ya kuchipua ndiyo wakati ambapo dai hilo kubwa, kwamba kanisa ni la mtaa wote, hutolewa nje na kutembezwa juani.

Siku ya kwanza ya kutembea ni Jumapili ya Mitende. Pwani haina shida ya siku hiyo. Makuti mabichi yako juu ya kila kichwa. Uingereza haina mitende. Kwa karne nyingi watu wake walitumia matawi ya mti uitwao yew, ambao hupandwa makaburini, au vijiti vya mti wa kando ya mito vyenye vichipukizi laini kama manyoya, na vijiti hivyo wakaviita mitende kwa ukaidi wa mapenzi. Lakini tangu miaka ya 1960 makanisa mengi ya huko yamekuwa yakiagiza misalaba midogo ya majani makavu, isiyozidi kiganja cha mtu mzima, iliyokunjwa kwa mkono bila ya gundi wala uzi. Inatoka Masasi. Wanavijiji wa kusini mwa Tanzania huchuma majani ya mtende mfupi wa porini, huyaanika, huyachana na kuyakunja, kwa ustadi ule ule ambao mtu wa Pwani anaujua katika mikeka na vikapu vya miyaa, na malipo yake husaidia vijiji hivyo.

Si bahati kwamba ni Masasi. Kasisi aliyeitwa Edward Steere alikuwa akihudumia Skegness na kisha Little Steeping, kijiji kidogo cha Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, kabla ya kufuatana na Askofu Tozer, na wawili hao waliwasili Unguja mwaka 1864. Wapenzi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa habari zake zaidi: ndiye aliyekusanya hadithi za Unguja na kuzitoa chapa mwaka 1870, ndiye aliyetafsiri vitabu vya sala, na ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873 mahali palipouzwa watu. Mwaka 1876, akiwa sasa askofu, aliondoka na kundi la wanaume na wanawake waliokombolewa utumwani ili wakaishi karibu na ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliipenda nchi wakabaki. Steere alifariki mwaka 1882 na kaburi lake liko nyuma ya altare ya Mkunazini.

Basi kasisi wa kijiji kimoja aliuacha mtaa wake akaja kuanzisha mtaa mwingine nyuma ya Lindi, na baada ya miaka karibu mia moja mtaa ule ulianza kuipelekea Uingereza mitende isiyokuwa nayo. Mambo haya hayasemwi mlangoni mwa kanisa. Muumini hukabidhiwa msalaba wake, huushika wakati wa maandamano kuzunguka makaburi, upepo wa Aprili ukimkata masikio, kisha huenda nao nyumbani akauchomeka nyuma ya picha au juu ya kioo cha gari. Mwaka mzima hukaa hapo, ukififia kutoka rangi ya siagi hadi rangi ya majani ya chai. Kabla ya Kwaresima ifuatayo watu huombwa kuirudisha misalaba hiyo. Huchomwa, majivu huchanganywa na mafuta kidogo au maji, na Jumatano ya Majivu kasisi huchovya kidole gumba na kumpaka mtu kwenye paji la uso, akimkumbusha kwamba yeye ni mavumbi. Mavumbi yanayomkumbusha hivyo ni jani la Masasi.

Kuhusu Pasaka yenyewe, msomaji wa visiwani atapendezwa kujua kwamba nayo ina mwezi wake. Huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuchelewa kupita 25 Aprili. Tofauti ni kwamba mwezi huo hautafutwi na mtu aliyesimama ufukweni. Ni mwezi wa jedwali, uliokwisha hesabiwa na wataalamu, na mara nyingine huachana kidogo na ule ulio angani. Pengine kuna hasara ndani yake: hakuna usiku wa kungoja, hakuna watoto juu ya mapaa, hakuna mzozo mtamu wa nani aliuona na wapi.

Kungoja kwao ni kwa namna nyingine. Jumamosi kuu asubuhi kanisa hujaa wanawake, na wanaume wachache, wenye ndoo, visu na mikasi. Shaba husuguliwa. Watoto hutengeneza bustani ndogo katika sinia, kwa kuvumwani na mawe, na jiwe moja bapa la kuziba kaburi la Yesu, ambalo kesho yake litakuwa limesogezwa pembeni. Mayungiyungi meupe huletwa, na parokia nyingi huyanunua kwa michango ya watu wanaotaka marehemu wao wakumbukwe. Orodha ya majina hubandikwa ukutani. Ni orodha inayosomwa kwa makini kuliko tangazo lolote jingine la mwaka. Mtu husimama mbele yake akitafuta jina moja, akaliona limeandikwa sawasawa, akaenda zake.

Kisha kengele. Katika makanisa mengi hunyamaza Wiki Takatifu yote. Upigaji wa Kiingereza si wa kutoa nyimbo. Kila mpigaji ana kamba moja na kengele moja, na kengele huzunguka duara zima, kwa hiyo hawezi kuiharakisha sana wala kuichelewesha. Wanachofanya ni kubadilisha mpangilio: raundi hii kengele hizi zinafuatana hivi, raundi ijayo mbili zimepishana nafasi, na katika upigaji kamili mpangilio haurudiwi mpaka yote imekwisha. Kengele sita hutoa mipangilio 720, saba hutoa 5,040, kazi ya karibu saa tatu. Mshairi aliyezoea kuhesabu mizani na kugeuza vina bila ya kuuvunja ubeti atawaelewa watu hawa mara moja, hata kama sauti yenyewe itamchosha. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikali, kuanzia Juni 1940, kengele za Uingereza zilinyamazishwa ili zibaki kuwa ishara ya uvamizi wa adui. Zililia kwa ushindi wa El Alamein mnamo Novemba 1942, na Pasaka ya 1943 zikalia tena kwa ajili ya ibada. Pasaka hiyo iliangukia 25 Aprili, tarehe ya mwisho kabisa inayowezekana. Mwaka ule watu walingoja kadiri kalenda inavyoruhusu mtu kungojeshwa.

Baada ya Pasaka huja mambo ya hesabu, na hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu hesabu za parokia moja ni miongoni mwa maandishi yenye kugusa moyo zaidi katika lugha ya Kiingereza. Parokia hiyo ni Morebath, kijiji cha Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kilichokuwa na nyumba thelathini na kitu. Kasisi wake, Christopher Trychay, alifika mwaka 1520 akakaa hapo hadi alipokufa mwaka 1574, na katika miaka hiyo yote aliandika daftari la mapato na matumizi ya kanisa na kuwasomea watu wake kila mwaka. Mwanahistoria Eamon Duffy aliliandikia kitabu mwaka 2001, na tangu hapo kijiji hicho kidogo kimepata wasomaji wasiohesabika.

Kanisa la Morebath lilikuwa na kondoo. Hawakuwekwa pamoja, walitawanywa, huyu katika nyumba hii na yule katika ile, na pamba ya sufu ikauzwa kuwasha mishumaa mbele ya sanamu za watakatifu. Vijana walikuwa na mfuko wao na wasimamizi wao, wasichana nao wao. Wanawake walipata kushika hata usimamizi mkuu wa kanisa. Fedha nyingine zilitokana na karamu ya pombe, ambayo parokia iliitengeneza na kuiuza kwa faida ya paa na vitabu. Msomaji wa Pwani ataguna, lakini ndivyo ilivyokuwa. Trychay mwenyewe alitamani joho jeusi la kuombea wafu. Alikusanya senti kwa senti miaka ishirini, na alipolipata, mwaka 1547, mfalme mpya na washauri wake walikuwa tayari wanafagilia mbali dini iliyolihitaji joho hilo. Sanamu ziliondolewa. Mifuko ya vijana na wasichana ikafungwa. Kondoo wakauzwa.

Kitabu kipya cha sala kwa Kiingereza kiliamriwa kuanza kutumika siku ya Pentekoste, 9 Juni 1549. Kesho yake watu wa Sampford Courtenay, katika nchi hiyo hiyo ya Devon, walimlazimisha kasisi wao kurudia ibada ya Kilatini, na uasi ukaenea. Waasi waliandika madai yao, na moja linastahili kusomwa na kila anayejali habari za lugha: watu wa Cornwall walisema baadhi yao hawakijui Kiingereza kabisa, kwa hiyo kitabu hicho hawakitaki. Waliokiandika walidhani wanawapa watu sala kwa lugha yao. Miaka zaidi ya 300 baadaye kasisi wa Little Steeping, alipokaa Unguja kujifunza Kiswahili kutoka kwa wenyewe kabla ya kuthubutu kutafsiri sala, alionyesha kwamba somo hilo walau mmoja alikuwa amelipata.

Katika daftari la Morebath la mwaka ule imo mistari ya matumizi ambayo Duffy aliisoma kwa mshtuko. Kijiji kilikuwa kimewalipia vijana watano, fedha na silaha, kwenda kambini nje ya Exeter, na Duffy akaonyesha kwamba kambi hiyo ilikuwa ya waasi. Uasi ulizimwa mwezi Agosti, na maelfu waliuawa. Kasisi aliyeandika majina ya vijana hao ndiye aliyekuwa ameandika idadi ya kondoo na bei ya nta, kwa mwandiko ule ule, katika daftari lile lile. Hakuacha kazi. Alipokuja Malkia Mary mwaka 1553 na dini ya zamani ikarudi, Trychay alianza kuandika orodha nyingine: nani karudisha nini. Mmoja alikuwa ameficha picha, mwingine kitambaa, mwingine kitabu. Vyombo vya kanisa vilikuwa vimelala majumbani miaka hiyo yote. Kisha akaja Malkia Elizabeth, mambo yakageuzwa mara nyingine, na Trychay akaendelea kuhesabu hadi alipokufa. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali kila badiliko. Lakini kasisi huyo hakuwa na mtaa wa akiba. Watu wale ndio aliokuwa nao.

Mkutano wa hesabu bado upo. Sheria inataka ufanyike kabla ya Mei kwisha, na pamoja nao mkutano wa wakaazi wa kuchagua wasimamizi wawili wa kanisa, cheo kilichokuwapo tangu Zama za Kati. Mkutano huu wa pili una kipengele ambacho ni wachache wanaokijua. Wenye haki ya kupiga kura si waumini walioandikishwa peke yao, bali pia kila akaaye ndani ya mipaka ya parokia aliyemo katika daftari la wapigakura wa serikali ya mtaa. Na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha katika daftari hilo. Maana yake ni kwamba Mpemba aliyehamia huko, anayeswali tano zake na ambaye hajapata kuvuka kizingiti cha kanisa lile, akitaka anaweza kuhudhuria jioni hiyo na kuinua mkono wake kuchagua msimamizi. Kuchaguliwa hawezi, kwa hilo ubatizo unahitajika. Lakini kuchagua anaweza, kwa kuwa anakaa hapo, na parokia ni mtaa.

Ni haki isiyotumika sana. Katika vijiji vingi mkutano huhudhuriwa na watu wanane. Mwenyekiti husoma taarifa ya paa, ya umeme, ya ukuta wa makaburi uliobomoka. Anapouliza nani yuko tayari kusimama, watu hutazama viatu vyao. Wasimamizi wa mwaka jana, mmoja wao ana miaka zaidi ya themanini, hukubali tena. Kasisi ana makanisa sita au manane ya kuhudumia na Pasaka huzungushwa: mwaka huu kwenu, mwakani kwa jirani. Wanaokwenda kanisani mara moja kwa mwaka hudhani kwamba jengo lile linajiendesha, kama wanavyodhani watoto kwamba chakula hujipika. Atakapoanguka yule wa miaka themanini ndipo itakapogunduliwa kwamba ndiye aliyekuwa akizibua mifereji ya maji ya mvua, naye peke yake ndiye aliyejua ufunguo wa chumba cha kengele unafichwa wapi.

Mwaka 2020 ilionekana jinsi vitu hivi vinavyoweza kutoweka kwa usiku mmoja. Jumapili ya Mitende, 5 Aprili, na Pasaka, 12 Aprili, milango ya makanisa ya Uingereza ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, hata kwa mtu mmoja aliyetaka kuingia kuomba peke yake. Wajuzi wa historia walikwenda hadi mwaka 1208, wakati Papa alipoifungia nchi ya Mfalme John sakramenti, kutafuta mfano. Maua ya manjano yalichanua makaburini kama kawaida. Mbayuwayu nao walirudi kutoka kusini mwa Afrika, kama wafanyavyo kila Aprili, na kuutafuta ukumbi wa mlango wa kanisa, mahali wanapopenda kujenga viota vyao vya tope.

Zikipita wiki tano tangu Pasaka huja siku za kuombea mashamba, na Alhamisi inayofuata ni ya Kupaa. Ndipo parokia nyingine huifanya ile desturi ya kale ya kutembea mipaka yake yote. Kabla ya ramani, mpaka ulihifadhiwa katika vichwa vya watu, na njia ya kuuhifadhi ilikuwa kuwachukua wavulana, kuwatembeza kutoka alama hadi alama, na penye kila jiwe kuwabamiza au kuwachapa kidogo ili miaka sitini baadaye, ukitokea ugomvi wa ardhi, awepo mzee wa kusema: ni hapa, nakumbuka kwa mwili wangu. Siku hizi kinachochapwa ni jiwe, kwa fito. Mjini Oxford, parokia ya Mtakatifu Mikaeli hufanya hivyo kila Siku ya Kupaa, na kwa kuwa mji umekua juu ya mipaka, alama nyingine sasa zimo ndani ya maduka. Kasisi na kwaya na watoto huingia na fito zao, hupita baina ya nguo zilizotundikwa, huchapa alama yao kwa kelele, hutoka.

George Herbert, mshairi aliyekuwa kasisi wa Bemerton karibu na Salisbury, aliitetea desturi hiyo katika kitabu chake kuhusu kasisi wa shamba, kilichotolewa mwaka 1652, baada ya kufa kwake. Aliona faida nne ndani yake: baraka za Mungu juu ya mazao, haki, kwa kuhifadhi mipaka, upendo, kwa kuwa majirani hutembea pamoja na waliogombana hupatana njiani, na huruma, kwa kuwa siku hiyo maskini hupewa. Hiyo ya tatu ndiyo ya mshairi. Wanasheria huutazama mpaka kama kitu cha kuwatenga watu. Herbert aliona kwamba ili uukague huna budi kutembea mchana kutwa pamoja na jirani usiyesemezana naye, na kwamba njia ni ndefu na matope ni mengi na mahali pa kuvuka kijito ni lazima mmoja ampe mwenziwe mkono. Alifika Bemerton mwaka 1630. Alikufa tarehe 1 Machi 1633, akiwa na umri wa miaka 39, na majira ya kuchipua aliyoyapata pamoja na watu wake hayakuzidi matatu. Alizikwa kando ya altare, Kwaresima ikiwa bado haijaingia, Pasaka ikiwa bado mbele.